Nadhiri Iliyopita Chini ya Kilima

Brooklyn, New York
12 Oktoba 1996

Shangazi yangu Eufrosina,

Nakubusu mkono kutoka mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mbuzi wako na komadre wako Delfina, mama yangu wa ubatizo, ambaye najua utamsomea kabla hujaimaliza mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Rutilio bado anaosha vyombo kwenye mkahawa wa Wagiriki, na mikono yake imelainika mpaka namtania kwamba nimeolewa na padri. Mimi niko kwenye cherehani yangu kama kawaida. Baridi imebisha hodi mapema mwaka huu, na mahindi ya huku sijui yameota wapi, maana mikate yake ya tortiya hainukii chochote.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Nina mimba, na imeingia mwezi wa nne. Sikutaka kukupigia simu pale dukani kwa Don Wenceslao, kwa sababu anayeongea na simu ile anaongea na mtaa mzima wa Xixitla. Wala sikutaka kukuandikia mapema. Wale wawili wa kwanza nilikuandikia mapema, na unajua walivyoniponyoka, wote katika mwezi wa tano. Safari hii nilinyamaza mpaka nikaanza kuuogopa ukimya wenyewe.

Nimeweka nadhiri kwa Bikira wa Remedios. Nimemwambia kwamba akinilindia huyu, utepe wenye kipimo cha tumbo langu utapelekwa kwake kwa miguu, kule kilimani kwake, pamoja na mshumaa, kabla mtoto hajazaliwa. Ingenipasa kuupeleka mwenyewe. Lakini sisi hatuna karatasi za kuishi huku, shangazi. Nikitoka huku sirudi tena, na Rutilio atabaki peke yake na vyombo vyake. Kwa hiyo nadhiri nimeipokeza kwako, wewe uliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Ulinifundisha mwenyewe kwamba nadhiri hupokezwa mara moja tu, haipiti mikono miwili. Nimeshachagua mikono.

Utepe ndio huu wa bluu. Unakumbuka nilivyokuwa nikifika juu nakanyaga uwanja wa kanisa kwa miguu miwili, eti niyaamshe yale maji ambayo bibi alisema yamefungiwa tumboni mwa kilima? Ulikuwa ukinifinya sikio mbele za watu. Ukishasali, nikanyagie kidogo kwa niaba yangu.

Mwanao,
Maricela


Cholula
9 Novemba 1996

Mwanangu Maricela,

Tumeipokea barua yako na tumeisoma, mimi mara moja na Delfina mara tatu. Alipofika penye habari yenyewe alitupa miwani mezani akaanza kucheza dansi na mbuzi. Mimi sikucheza. Nilikaa nikaishika ile karatasi mpaka ikapata joto. Nina furaha, mwanangu, na nina hofu, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja nami.

Siku ya Wafu imepita, na wafu wetu waliorudi kututembelea tumewapokea vizuri mwaka huu. Meza ya baba yako na mama yako niliijaza: mchuzi wa mole, mkate, maua ya njano, sigara za baba yako alizokatazwa na daktari na ambazo sasa haziwezi kumdhuru. Maua tuliletewa mpaka mlangoni. Usiku fataki zilipigwa mpaka mbuzi wakakataa kutoa maziwa. Don Goyo naye, mlima wetu wa moto, ametunyeshea majivu siku mbili. Delfina anasema mlima unavuta sigara kumwonea wivu baba yako.

Delfina amehamisha biashara yake ya panzi wa kukaanga. Sasa anauzia pale watalii wanapoingilia handaki, ile njia iliyochimbwa kupita ndani ya kilima. Anasema wageni wanamnunua panzi mmoja mmoja, wanampiga picha, kisha wanamficha kwenye kitambaa wasimle.

Usibebe kitu kizito. Usikae sana kwenye hiyo cherehani. Ukisikia kiu ya usiku, kunywa, usingoje asubuhi. Utepe umefika salama, nimeuweka chini ya sanamu yetu ya nyumbani.

Shangazi yako anayekupenda,
Eufrosina


Brooklyn
1 Desemba 1996

Shangazi yangu,

Nakubusu mkono. Rutilio anakusalimu sana. Amejifunza kupika wali, na kila siku tunakula wali. Theluji imeanguka Jumanne, na watoto wa jirani wameitengenezea pua ya karoti.

Mwezi wa tano umepita, shangazi. Umepita na bado yuko. Nimeandika sentensi hiyo taratibu kwa kuogopa isije ikanivunjikia mkononi.

Hukuniambia kama utepe ulifika juu. Uliniambia uko chini ya sanamu ya nyumbani, na sanamu ya nyumbani siyo niliyoweka nadhiri kwake. Kwa vile utepe lazima uwe na kipimo cha tumbo la siku hizo, nimepima tena na nakutumia mwingine. Ule wa kwanza unaweza kumfungia mbuzi.

Naomba uniandikie upesi. Sina kingine cha kuomba.

Mwanao,
Maricela


Cholula
29 Desemba 1996

Mwanangu Maricela,

Krismasi imekwisha na bado tunakula mabaki yake. Delfina alileta tamale thelathini za unga wa mahindi kwa watu wawili, kisha akanilaumu kwa kutozimaliza. Wapiga ngoma walipita kwetu, nami niliwasikia tangu kona ya soko mpaka kona ya kwa Don Wenceslao. Mbuzi mmoja ana mimba. Nimempa jina lako, usikasirike, ni kwa mapenzi.

Utepe wa pili nimeupata. Niliulaza mezani kando ya ule wa kwanza, na nimekuwa nikiuangalia kila asubuhi. Nina swali moja tu, na unijibu kama binti niliyemlea. Ulipojipima, ulikuwa umesimama au umelala? Tumbo la mwanamke aliyesimama mwezi wa sita linadai utepe mrefu kuliko huu. Huu umeuzidi wa kwanza kidole tu.

Unakula? Acha wali wa Rutilio. Kula mayai.

Suala lako la kilimani nalijua. Sijalisahau hata siku moja.

Shangazi yako,
Eufrosina


Brooklyn
21 Januari 1997

Shangazi,

Leo nakubusu mkono kwa hasira. Umeniuliza swali, nami nitajibu. Nilikuwa nimelala. Nimelala tangu mwezi wa Novemba. Daktari amesema mlango wa kizazi changu ni mlegevu na nisinyanyuke ila kwenda chooni. Cherehani imefunikwa shuka. Rutilio anapika wali kwa sababu mimi siwezi kusimama jikoni, naye huacha sufuria karibu na kitanda kabla hajaenda kazini. Mtoto ni mdogo kuliko miezi yake. Daktari hasemi atakuwaje, anasema tungoje. Sikukuandikia haya kwa sababu huko mbali ungefanya nini, zaidi ya kukosa usingizi?

Na sasa swali langu. Wewe unapoandika, unakaa wapi?

Nimezitoa barua zako zote za miaka mitano nikazitandaza juu ya blanketi. Zamani kila barua ilikuwa na upepo. Uliniandikia Don Goyo ameamkaje, minara ya makanisa inang'aaje ukiwa juu, nani umekutana naye kwenye njia ya kupanda akitweta. Hizi mbili za mwisho hazina kitu cha juu hata kimoja. Ngoma unazisikia, maua unaletewa mlangoni, tamale unaletewa, habari za panzi unaletewa na Delfina. Unaniandikia vinavyopita mbele ya mlango wako tu. Shangazi, una nini?

Mimba iko mwezi wa saba. Sikulaumu kama huwezi. Lakini nadhiri niliyoiweka itamfuata huyu mtoto, siyo mimi, na nimelala hapa naangalia dari, naliwaza kanisa lile la njano juu ya kilima na siwezi kulifikia.

Mwanao,
Maricela


Cholula
18 Februari 1997

Mwanangu Maricela,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu habari ni ndefu. Mbuzi wazima, wajina wako amezaa mapacha, Delfina mzima kupita kiasi.

Niliposoma barua yako nilicheka kwanza, kisha nikalia. Nyani haoni kundule. Mimi nakuhoji kama ulipima utepe umelala, na swali lenyewe nimeliandika nikiwa kitandani, ubao juu ya mapaja. Nilianguka mwezi wa Septemba, hata kabla barua yako ya kwanza haijaja. Niliteleza uani, pale penye sinki la kufulia, na nyonga ikavunjika. Sikukuandikia kwa sababu ile ile yako: huko mbali ungefanya nini? Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na kuzaa ndiko tunakokungojea. Basi tusifichane tena.

Sasa natembea na fimbo. Penye tambarare naweza, polepole, mradi Delfina asinisemeshe. Pa kupanda siwezi. Nilijaribu mara mbili na utepe wako kifuani. Mara zote mbili niliishia pale anapokaa muuza maputo, mwanzo kabisa wa njia, mguu ukakataa kama nyumbu. Nilikaa juu ya jiwe nikaangalia juu. Kanisa liko palepale lilipokuwa tangu nazaliwa, karibu mpaka unawaona watu uwanjani wakila aiskrimu, nami nikalia kwa aibu mbele ya maputo. Delfina akasema nimpe utepe apande yeye. Nikamwambia nadhiri haipiti mikono miwili. Akasema ningoje mwezi wa Mei, Bikira mwenyewe ateremshwe kutembelea mitaa kama kila mwaka. Nikamwambia Bikira atangoja mpaka Mei lakini tumbo la Maricela halitangoja.

Tukabaki hivyo. Ndipo barua yako ya hasira ikaja. Delfina akaisoma, akavua miwani akaiweka mezani. Kisha akasema: "Mimi naketi pale kwenye handaki kila siku. Naona wazungu wazee kuliko sisi wanaingia na fimbo zao upande huu, wanatokea upande ule wanacheka. Ndani ni tambarare, komadre. Huwezi kumwendea kwa juu, mwendee kwa chini."

Nilimwambia amechanganyikiwa. Maricela, nina miaka sitini na minane, nimeishi chini ya kilima kile siku zote hizo, na sijawahi kutia mguu ndani. Mambo ya ndani ni ya watalii. Sisi ni wa juu: harusi juu, ubatizo juu, misa ya wafu juu. Na kusema kweli niliogopa. Yale maji ya bibi yako, yaani mama yangu, mimi sikuyaacha utotoni kama wewe. Aliniambia wazee wa zamani waliufunga mto mzima mle ndani, na siku mtu atakapochokonoa ukuta, Cholula yote itaogelea. Kila walipokuwa wakichimba handaki lile, alikuwa akilala na viatu miguuni.

Lakini nilikuwaza umelala unaangalia dari. Jumapili nikavaa shali yangu nyeusi, nikatia utepe kifuani na mshumaa mfukoni, tukaenda.

Mwongozaji alikuwa bwana mmoja mnene mwenye kofia ya majani na sauti ya mnadani. Alituweka kwenye kundi moja na watalii, akamwuliza kila mtu ametoka wapi. Mmoja Monterrey, wengine Kanada, familia moja imetoka mpaka Chile. Akafika kwangu. Nikasema: "Xixitla. Pale nyuma ya soko." Watu wakacheka, naye akavua kofia akasema kumbe leo nimekuja kuitembelea nyumba yangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba nimekuwa jirani yake maisha yangu yote na sijawahi kubisha hodi.

Tukaingia. Njia ni nyembamba, ukiwa mnene kama Delfina mabega yanapiga kuta zote mbili. Juu imechongoka, na taa zimetundikwa mojamoja. Ndani ni baridi na kunanuka udongo uliolowa, ile harufu ya uani mvua ikishakatika. Nilitega sikio nisikie maji. Nilisikia viatu vya watu wa Kanada, nikasikia fimbo yangu, nikasikia Delfina anahema na kusali kwa pamoja. Maji hakuna. Tulipofika katikati, mwongozaji akatusimamisha kimya, na ukimya wa mle ndani, mwanangu, sijapata kuusikia popote. Kanisani kuna ukimya, lakini siku zote kuna mtu anakohoa. Ule ulikuwa mzito na mpole, nami niliona hofu inanitoka kidogo kidogo, nisijue inaenda wapi.

Akatuambia tuguse ukuta. Akasema huu siyo ukuta wa pango, hii ni piramidi yenyewe, na kilima hakuna. Hakijawahi kuwapo. Kila mnachokiona kutoka nje, majani, miti, njia ya kupandia, vyote vimeota juu ya kazi ya watu. Ndani ya piramidi hii kuna nyingine, na ndani ya hiyo kuna nyingine. Wajukuu walipotaka kujenga hawakuibomoa ya babu zao, waliifunika wakaendelea kwenda juu.

Haya nilifundishwa shuleni, kila mtoto wa Cholula anayajua. Lakini niliyajua kwa kichwa tu. Niliweka kiganja changu pale nikakuta tofali la udongo, na juu yake tofali, na juu yake tofali, kwenda gizani. Ndani ya tofali moja kulikuwa na kipande cha chungu kimechomoza. Chungu cha mtu, Maricela. Mwanamke fulani alivunja chungu chake, akakasirika, akatupa vigae kwenye udongo, na wanaume wakaukanyaga ule udongo na majani wakafyatua tofali. Nikawaza ni migongo mingapi iliyobeba, na watoto wa migongo hiyo wakabeba, na wajukuu, na hakuna kati yao aliyeona mwisho. Nimekiita kilima maisha yangu yote, kumbe nimekuwa nikipanda juu ya mikono ya watu. Nikaiegemea fimbo, na safari hii haikuwa kwa ajili ya nyonga.

Mbele kidogo kuna uchochoro wa pembeni, na ndani yake ngazi. Ngazi za mawe, nzuri, pana, zimewekewa taa moja. Zinapanda kwenda juu mpaka zinapotelea kwenye udongo. Zilikuwa za ile piramidi ya ndani, watu walizipanda kwenye jua, kisha wajukuu zao wakazifunika, na bado zinapanda. Hakuna wa kuzipanda, nazo zinapanda tu. Wamezuia kwa kamba watu wasiguse. Nikamwuliza mwongozaji Bikira yuko upande gani. Akaonekana kufikiri, kisha akanyoosha kidole kule ngazi zinakoelekea, juu na kushoto kidogo. Akasema, "Kwa hesabu zangu, mama, yuko kule."

Nikamtazama Delfina. Akanielewa. Akaenda mbele ya kundi akauliza kwa sauti kubwa hao watu wa kale walikuwa wakijisaidia wapi, maana watu wengi namna ile hawakosi kuwa na choo. Wote wakageuka wakicheka, na mwongozaji akaanza kujibu. Mimi nikainua kamba. Nikatanguliza mguu mzima, nikauvuta ule mbovu, nikasimama juu ya ngazi ya kwanza. Jiwe lilikuwa baridi mpaka likapenya soli. Niliulaza utepe wako pale miguuni pangu, nikashika mshumaa usiowashwa, nikasema: "Mama, nimepanda hapa nilipoweza. Zilizobaki nihesabie wewe. Huyu mtoto wa Maricela mshike."

Nilisimama nikatazama ngazi zinavyopanda gizani, na machozi yalinitoka bila huzuni, sijui nikuambieje. Nilijiona mdogo kama wewe ulivyokuwa, na wala sikuonea uchungu udogo wenyewe.

Nilipogeuka, mwongozaji alikuwa ananitazama. Alinipa mkono nikashuka, akaniambia taratibu, "Moto hauruhusiwi humu, mama." Kuhusu ngazi hakusema neno. Mshumaa niliuwasha tulipotokea upande wa pili kwenye jua, chini ya ukuta, Delfina akiukinga upepo kwa beseni la panzi.

Sijui kama nadhiri inahesabika ikipitia chini. Padri sijamwuliza, kwa sababu akisema hapana sitamtii. Ninachojua ni hiki. Siku zote tumemwendea Bikira usoni. Juzi nilimshika pindo la sketi, kama mtoto anavyomshika mama yake akiwa kazini jikoni. Na mama hata kama hageuki, anajua nani ameshika.

Utepe nakurudishia humu ndani. Una vumbi la ile ngazi. Usiufue.

Shangazi yako,
Eufrosina


Brooklyn
14 Machi 1997

Shangazi yangu,

Nakubusu mikono yote miwili, na nyonga pia.

Amezaliwa. Alikuja tarehe mbili, kabla ya wakati wake, mdogo, wa kike, yuko hai. Nitaandika tena kwa sababu nakipenda kijisentensi hiki: yuko hai. Wamemweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, lina matundu mawili ubavuni ya kupitishia mikono. Siku za kwanza daktari alikuwa akipita anaangalia karatasi kuliko anavyomwangalia yeye, nami sikuthubutu kumpa jina.

Barua yako ilinikuta kule hospitali, Rutilio aliileta ndani ya koti. Niliisoma nimekaa kando ya kioo. Niliisoma taratibu, nikawa naingia nawe, na ulipofika penye ngazi nikaweka kidole kwenye mstari nisikupoteze. Kisha nikautoa utepe. Nikamwomba muuguzi niuweke ndani. Akakataa, kwa sababu ya vumbi, na ana haki. Basi niliufunga kwenye kifundo cha mkono wangu, juu kidogo ya pale wanapotunawisha, nikapitisha mkono tunduni nikamwekea kiganja mgongoni. Mgongo wake wote unaenea kwenye kiganja changu. Nilikaa hivyo nikawaza tofali lako lenye kipande cha chungu. Shangazi, nilikuwa naogopa udogo wake, na pale nikaacha. Hata kilima kile kilianza na kitu cha kuenea mkononi.

Leo daktari amemwangalia yeye badala ya karatasi. Amesema wiki ijayo tutamchukua nyumbani. Nimempa jina Remedios.

Amezaliwa huku, kwa hiyo ana karatasi. Ataweza kupita pale ambapo mimi sipiti. Akikua kidogo nitampandisha ndege na jirani yeyote anayekuja kwenu, aje akuone. Mimi usiniulize. Kuhusu mimi tuache kwanza.

Lakini utampandisha kilimani, sivyo? Nataka akaone nilikokuwa nikisimama.

Mwanao,
Maricela


Cholula
20 Aprili 1997

Mwanangu Maricela,

Mbuzi wazima. Delfina ametangaza kuzaliwa kwa Remedios kwenye foleni ya tiketi, na yule mwongozaji mnene anakusalimu. Anasema sasa kila kundi linamwuliza habari za vyoo vya watu wa kale, na lawama zote anazirudisha kwa Delfina.

Nimelia nikamaliza, sasa nakujibu. Kuhusu wewe mwenyewe sikuulizi, umeniomba nisiulize. Kitanda chako nimekitandika tu, kitanda hakihitaji jibu.

Kumpandisha mtoto kilimani sitaweza. Nyonga imeungana vile ilivyotaka yenyewe, na miaka hairudi nyuma. Ila usihuzunike, nimeshapanga. Delfina atapanda naye, amshike mkono, amnunulie aiskrimu uwanjani. Mimi nitaingia kwa chini na fimbo yangu, nitembee mpaka pale penye ngazi, nisimame hapo ukimyani.

Wewe mfundishe jambo moja tu, kuanzia siku atakayoweza kusimama. Mwambie akifika juu, mbele ya kanisa, akanyage uwanja kwa miguu miwili, kwa nguvu zake zote. Hakuna atakayemfinya sikio. Nitakuwa chini yake, nasikiliza.

Shangazi yenu,
Eufrosina